Usaili Usio na Msaili

Mvua za masika zikishaingia, hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja hupunguza shughuli, na nyingine hufunga milango kabisa. Aprili na Mei ni miezi ya kuezua makuti yaliyochakaa, kupaka rangi, kukarabati bwawa la kuogelea na kuhesabu mashuka yaliyosalia. Ni miezi ya kutafuta viongozi pia. Meneja aliyemaliza mkataba ameshaaga, mmiliki yuko Milano au Dubai, na ifikapo Juni wageni watakuwa wameanza kushuka tena uwanja wa ndege wa Kisauni. Katika wiki hizo chache huamuliwa nani atashika mapokezi, nani atasimamia chakula na vinywaji, nani atakuwa meneja mkuu. Siku hizi sehemu kubwa ya uamuzi huo hupitia kwenye kioo cha simu.

Sababu kubwa ni umbali. Mtu anayefaa mara nyingi hayuko Unguja. Yuko kambini Serengeti na amebakiza mwezi mmoja wa mkataba, au yuko Diani, au yuko Doha anasimamia mgahawa wa hoteli ya vyumba mia nne na anatamani kurudi nyumbani. Kumsafirisha kwa ajili ya mazungumzo ya nusu saa ni tiketi ya ndege, chumba na siku tatu za ruhusa ambazo mwajiri wake wa sasa hatampa. Kwa miaka mingi ilikuwa asiyekuwepo na lake halipo: kazi ilichukuliwa na aliyekuwa karibu, au aliyekuwa na mjomba ndani. Simu yenye kamera imelegeza mnyororo huo, na kwa hilo peke yake inastahili heshima. Kijana wa Singida aliyesomea hoteli Arusha sasa anaweza kufika mbele ya jopo la Nungwi bila kujuana na mtu yeyote kule.

Na watu wanahitajika. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, Zanzibar peke yake ikipokea zaidi ya 736,000, na Kenya mwaka huohuo ikakaribia milioni 2.4. Kila hoteli mpya inayofunguliwa Paje au Matemwe inahitaji wakuu wa idara wasiopungua watano, na hao hawapikwi kwa kozi ya miezi mitatu.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba napinga teknolojia kwenye usaili. Ninachokiona ni kwamba tumeipa kazi isiyo yake. Mashine ni hodari wa kuuliza. Inauliza kila mtu swali lilelile, kwa maneno yaleyale, bila kuchoka saa kumi jioni na bila kumwonea haya mtoto wa rafiki wa mmiliki. Kusikiliza ndiko isikokujua, na kazi ya meneja wa hoteli hupimwa na mtu aliyesikiliza jibu.

Mashirika makubwa ya hoteli yalianza mapema kuchezea mambo haya. Mwaka 2011 Marriott ilitoa mchezo wa kompyuta kwenye Facebook ambao mchezaji aliendesha jiko la hoteli: ananunua vyakula kwa bajeti, anaajiri na kufundisha wahudumu, anapata alama mgeni akiridhika. Mchezo ulitolewa kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kichina zikiwemo, na lengo lilikuwa kuwavuta vijana wa nchi ambako hoteli zilikuwa zikijengwa kwa kasi kuliko wafanyakazi walivyopatikana. Haukuwa usaili hasa, ila wazo lake lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyofuata. Ulimwonyesha mtu kazi yenyewe.

Kilichoenea zaidi ni usaili wa video iliyorekodiwa. Kampuni ya HireVue ya Utah, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilianza kwa kuwatumia waombaji kazi kamera za kompyuta kwa posta, kwa kuwa wakati ule si kila kompyuta ilikuwa nayo. Hilton ilikuja kuwa mmoja wa wateja wake wakubwa, na ikaripotiwa kwamba muda wa kujaza baadhi ya nafasi ulishuka kutoka wiki kama sita hadi siku tano. Nafasi hizo zilikuwa zaidi za watu wengi wa kazi ileile, kama wapokea simu wa kituo cha kuweka nafasi za vyumba. Ukiajiri wapokea simu mia mbili kwa mkupuo, siku tano ni ushindi wa kweli. Ukiajiri meneja mkuu mmoja atakayekaa na watumishi wako kwa miaka minne, sioni faida ya kukimbia hivyo.

Usaili huu ukoje? Mwombaji anapokea kiungo kwa barua pepe. Anakifungua, anaona swali limeandikwa, au uso wa mtu aliyelirekodi miezi mingi nyuma. Anapewa sekunde thelathini za kufikiri, kisha dakika mbili au tatu za kujibu, huku namba zikihesabu kurudi nyuma pembeni mwa kioo. Akimaliza, swali linalofuata linaingia. Upande wa pili hakuna mtu. Hakuna anayetikisa kichwa, hakuna anayekunja uso kuonyesha kwamba jambo halikueleweka, hakuna wa kusema "hebu rudia hapo".

Sasa mweke mbele ya kamera hiyo mtu aliyelelewa Wete au Lamu. Tangu utotoni amefundishwa kwamba mazungumzo hayaanzi bila salamu, kwamba mkubwa huamkiwa kwanza, na kwamba anayeingia moja kwa moja kwenye haja yake hakulelewa. Swali la kwanza linamtokea na namba zinaanza kukimbia. Naye anaanza: habari za leo, natumaini hamjambo nyote, jina langu ni fulani, nashukuru sana kwa nafasi hii. Sekunde ishirini na tano zimekwisha. Mwenzake aliyezoea usaili wa kampuni za kigeni ameshatoa mfano wake wa kwanza wenye tarakimu mbili ndani yake. Anayekuja kuzitazama video hizo akiwa Ulaya, kwa kasi ya mara moja na nusu, anaandika kwamba wa kwanza anazungukazunguka. Lakini uliza meneja yeyote wa zamani wa pwani hii: mgeni aliyekasirika mapokezini hutulizwa na nani kati ya hawa wawili?

Macho nayo yana mkasa wake. Kwetu kijana anayezungumza na mkubwa huinamisha macho kidogo, na hiyo ni adabu. Kwenye usaili wa video wa mubashara ukitazama uso wa anayekusaili, kwake unaonekana unatazama chini. Ili uonekane unamtazama, inabidi ukodolee tundu dogo la kamera na usione uso wa mtu. Ni ustadi wa mtangazaji wa televisheni. Una kazi gani kwa msimamizi wa vyumba?

Kuna pia mambo ya umeme na mtandao, ambayo sitayarefusha kwa sababu kila msomaji anayajua. Tarehe 12 Mei 2024, katikati kabisa ya msimu huu ninaouzungumzia, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa. Siku za kawaida bando linaisha, jenereta la jirani linanguruma, na mwombaji aliyekaa kwa kulipa dirisha mgongo anaonekana kivuli kitupu. Jopo lenye busara humwandikia mwombaji mapema: ukikatika, tutakupigia simu ya kawaida, na hutapoteza alama. Sentensi moja hiyo huleta haki zaidi kuliko programu ya mamilioni.

Baya zaidi ni pale mashine ilipopewa kazi ya kutazama na kuhukumu. Kwa miaka kadhaa ziliuzwa programu zilizodai kusoma uso wa mwombaji: anavyonyanyua nyusi, anavyotabasamu, anavyobana midomo, na kutoka humo kutoa alama ya bidii yake au uwezo wake wa kufanya kazi na wengine. Mwaka 2019 taasisi ya kutetea faragha ya Marekani, EPIC, iliishtaki HireVue kwa tume ya biashara ya nchi hiyo, na Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba imeachana na uchambuzi wa nyuso. Mwaka huohuo waandishi wa shirika la utangazaji la Bavaria, Bayerischer Rundfunk, walijaribu programu ya namna hiyo ya kampuni moja ya Munich. Mwigizaji alisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, mara akiwa na miwani, mara amejifunga kitambaa kichwani. Alama za tabia yake zikabadilika. Walipobandika rafu ya vitabu nyuma ya mwombaji mwingine, zikabadilika tena.

Soma tena hapo kwenye kitambaa cha kichwani, halafu fikiria Zanzibar. Wasichana wa visiwani wamekuwa wachache kwenye kazi za hoteli kwa sababu nyingi zinazojulikana, zikiwemo hofu za wazazi. Huyu aliyeshinda vikwazo hivyo, akamaliza diploma yake katika kampasi ya utalii ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pale Maruhubi, akapanda ngazi miaka minane hadi kuwa msaidizi wa meneja, aje ashushwe alama na programu ya Ujerumani kwa sababu amevaa mtandio! Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili unde iliyoanza kutumika kwa awamu, umepiga marufuku tangu Februari 2025 programu za kukisia hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na umeiweka mifumo ya kuajiri katika kundi la hatari kubwa. Hoteli zetu nyingi zina wamiliki wa huko. Nisingependa kuona kilichokatazwa kwao kikiuzwa kwetu kwa bei ya punguzo.

Sauti ina shida kama hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipima mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya kampuni tano kubwa, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wazungumzaji Weupe ilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100; kwa Wamarekani Weusi, 35. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Meneja wa Kizimkazi mwenye Kiingereza kizuri chenye lafudhi ya kwao anasubiri nini kutoka kwa mfumo huo? Na kama maandishi yake yenye makosa ndiyo yanayosomwa na programu nyingine ili kumpa alama, kosa limezaa kosa na hakuna mtu aliyelishuhudia.

Wamiliki wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanasema kazi ya hoteli ni uso: mgeni anakumbuka tabasamu. Ni kweli kwa mhudumu wa mapokezi wa zamu ya asubuhi. Meneja analipwa kwa mengine. Analipwa kwa saa tano usiku, mabasi mawili ya wageni yanapofika na vyumba vilivyobaki ni vya basi moja. Analipwa kujua kwamba mpishi mkuu na msimamizi wa vyumba hawasemezani tangu Idi, na kulimaliza hilo kabla halijafika mezani kwa mgeni. Tabasamu la mbele ya kamera halisemi lolote juu ya hayo.

Basi teknolojia itumike wapi? Itumike kuuliza, na kuleta kazi ndani ya usaili.

Watafiti wa saikolojia ya kazi wamekuwa wakilinganisha mbinu za kuajiri kwa zaidi ya karne. Katika uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, mbinu iliyoshika nafasi ya kwanza kwa kutabiri nani atafanya kazi vizuri ilikuwa usaili uliopangwa: maswali yaleyale kwa wote, yanayotokana na kazi yenyewe, na alama zinazotolewa kwa kipimo kilichoandikwa kabla. Mazungumzo ya kujisikia tu, yale ya "hebu tueleze kuhusu wewe mwenyewe", yalibaki nyuma sana. Hapa ndipo kompyuta inapofaa. Fomu rahisi ya mtandaoni yenye maswali sita, inayomtaka kila msaili aandike alama zake kabla hajaona za mwenzake, huondoa ule ugonjwa wa jopo kumsubiri bosi aseme kwanza kisha wote waitikie.

Kuhusu kazi yenyewe, nitatoa mfano wa jaribio ambalo hoteli yoyote inaweza kumtumia mwombaji kwa barua pepe. Hoteli ina vyumba 80. Wiki ya kwanza ya Februari, kila usiku vyumba 52 vina wageni kwa wastani wa dola 120. Wiki ya kwanza ya Machi, baada ya bei kushushwa, vyumba 68 vina wageni kwa wastani wa dola 85. Mmiliki amekupigia simu akiwa na furaha kwa sababu hoteli imejaa. Utamwambia nini?

Mwombaji dhaifu atampongeza. Wa wastani atapiga hesabu: Februari mauzo ya vyumba ni dola 6,240 kwa usiku, Machi ni 5,780, kwa hiyo kila chumba cha hoteli, chenye mgeni na kisicho na mgeni, kimeshuka kutoka wastani wa dola 78 hadi 72 na senti. Ataongeza kwamba vyumba 16 zaidi vinafagiliwa, mashuka yake yanafuliwa, na watu wake wanakula kifungua kinywa. Mzuri kweli hatajibu mara moja. Ataomba kwanza mauzo ya baa na mgahawa ya wiki zote mbili, kwa kuwa wageni wa ziada huenda wanakula chakula cha jioni hapohapo na kulipia safari za Mnemba, na pengine mmiliki ana haki ya kufurahi. Ombi hilo la tarakimu zaidi lina thamani kuliko wasifu wa kurasa nne. Na utaliona tu kama umetengeneza njia ya mwombaji kuuliza; fomu yenye kisanduku kimoja cha jibu ingelizika.

Jaribio la pili ni maoni ya mgeni. Siku hizi sifa ya hoteli inakaa Booking.com na TripAdvisor, na meneja asiyejua kuandika jibu ni hasara ya kila siku. Mpe mwombaji malalamiko ya kutunga: siku mbili bila maji ya moto, tuliripoti mapokezi mara tatu, meneja hatukumwona. Mpe dakika ishirini. Wengi wataandika zile sentensi za kunakili, tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Wengine watalilaumu shirika la umeme mbele ya dunia nzima. Anayefaa atakiri jambo mahususi, maji ya moto na mara tatu zile, ataeleza kilichorekebishwa, na ataacha namna ya kumfikia yeye mwenyewe. Kisha mkiwa mubashara mwulize swali ambalo halimo kwenye maandishi: kabla ya kumjibu mgeni, ndani ya hoteli ungeongea na nani kwanza, na ungemwambia nini yule wa mapokezi aliyepokea taarifa mara tatu?

Hapo kwenye mubashara pana umuhimu mpya. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, jibu lililoandikwa nyumbani haliwezi tena kusimama peke yake. Barua za maombi zimekuwa pacha; zote zina Kiingereza kisicho na doa na zote "zina shauku ya kutoa huduma iliyotukuka". Wapo wanaoweka programu ya pili inayosikiliza swali na kuwaandikia jibu la kusoma papo hapo. Baadhi ya waajiri wameanza kuwinda wadanganyifu kwa programu nyingine za kugundua maandishi ya mashine, na hizo nazo hukosea, na humkosea zaidi anayeandika Kiingereza cha kujifunza shuleni. Sioni haja ya vita hiyo. Meneja atatumia akili unde kazini, kujibu maoni na kupanga zamu, kwa hiyo mruhusu aitumie nyumbani na akwambie ameitumia wapi. Halafu mkae uso kwa uso, hata kama ni kwa kamera, mchukue jibu lake mstari kwa mstari. Aliyelifikiria atalitetea au atalibadilisha. Aliyelibeba tu atarudia maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine.

Jambo linalonishangaza kuliko yote katika usaili wa hoteli za pwani ni lugha. Jopo likiwa na mgeni mmoja, usaili mzima hufanyika kwa Kiingereza, tangu salamu hadi kuagana. Ni sawa kwa kuwa meneja atazungumza na wageni na wamiliki. Lakini kutwa nzima atakuwa anazungumza Kiswahili: na watunza bustani, na wapishi, na madereva, na walinzi wa usiku. Atakwenda kwa sheha. Paje na Jambiani akinamama wanalima mwani kwenye maji yaleyale ambayo wageni wanataka kuogelea, na njia zao za kushukia pwani zinapita kando ya kuta za hoteli. Siku viti vya kuotea jua vitakapowekwa kwenye njia yao, hakuna jopo la Milano litakalosaidia.

Teknolojia inaweza kulitatua hili kwa gharama ya bando tu. Dakika kumi na tano za mwisho za simu ya video wapewe wakuu wa idara peke yao, bila mmiliki, kwa Kiswahili. Msimamizi wa vyumba aulize anachotaka. Mtu wa mahusiano na kijiji amweke mwombaji kwenye hali: bibi mmoja, mkulima wa mwani, amekuja mapokezini amelowa hadi magotini, amekasirika, na wageni wanatazama. Zungumza naye. Katika dakika hizo utasikia kama mtu anajua kuanza na shikamoo na kumpa kiti, au kama anamwita mlinzi. Wapo mameneja wenye vyeti vya Uswisi wanaoanguka hapa, na wapo waliotoka Chuo cha Utalii Kenya, kile cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa hao hao Waswisi, wanaolimaliza jambo kwa sentensi mbili.

Kwa mwombaji asiye raia wa hapa kipimo hicho kitalegezwa, lakini kisifutwe. Mkalimani akae kwenye simu, tuone anavyomsikiliza bibi kupitia kwa mkalimani.

Niseme kidogo juu ya kumbukumbu. Hoteli ndogo hukusanya maombi kwa WhatsApp, kwenye simu binafsi ya afisa utumishi. Humo mna nakala za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, ripoti za afya, na sasa video za usaili. Afisa akihama, anahama nazo. Kampuni kubwa nazo si salama kwa ukubwa wao: mwaka 2025 watafiti wawili wa usalama waliingia kwenye mfumo wa kuajiri unaotumiwa na migahawa ya McDonald's, wenye roboti ya kuongea na waombaji, kwa nywila 123456, na wakakuta mlango wa kumbukumbu zilizokadiriwa kufikia milioni 64. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mwombaji anayo ruhusa ya kuuliza: nani ataitazama video yangu, itakaa muda gani, na je, kuna binadamu atakayeamua? Hoteli isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haijajipanga kwenye mengine pia.

Na kwa wanaotafuta kazi za Ghuba, tahadhari moja. Usaili wa video umerahisisha kazi za kweli za Dubai na Doha, na umewarahisishia matapeli pia. Anayekusaili kwa ujumbe wa maandishi tu, anayeficha uso, anayekupa umeneja baada ya dakika kumi na kuomba "ada ya viza" kabla ya mkataba, huyo hana hoteli. Kenya wakala wa ajira huthibitishwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania Bara ni kwa huduma ya ajira ya serikali, TaESA.

Baada ya majaribio na mazungumzo yote hayo, waombaji wawili au watatu waliobaki waitwe. Walipiwe nauli, wapewe chumba, washinde hotelini kutwa moja na kulala usiku mmoja kama wageni. Fedha zilizookolewa kwa kutowasafirisha waombaji wote wa mwanzo zinatosha. Asubuhi wakae na mmiliki, mchana wale chakula kantini na wafanyakazi, jioni waseme wameona nini. Meneja wa kweli atakuwa ameshaona balbu iliyoungua kwenye ngazi, atakuwa ameuliza kwa nini kantini inatoa maharage siku tano mfululizo, na pengine atakuwa ameshajua majina ya watu sita.

Wale wasiochaguliwa ndio tunaowatendea vibaya zaidi. Mtu ametoa wikiendi mbili, amefanya jaribio la tarakimu, amejirekodi mara tano akiwa kambini porini, halafu kimya. Mfumo uleule uliomkumbusha kila siku kwamba hajamaliza swali la nne unashindwa kumwambia kwamba kazi imechukuliwa. Alama zake zimo kwenye fomu, maoni ya wasaili watatu yamo. Kumwandikia mistari minne kwamba hesabu zako zilikuwa nzuri, kwenye suala la kijiji tulitaka zaidi, ni kazi ya dakika tano. Sekta hii ni ndogo. Aliyenyimwa umeneja Matemwe leo, mwakani anaweza kuwa katika ofisi ya wakala wa safari Arusha, anachagua wateja wake walale wapi.